Mama Baridi na Bango la Soda

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Mama Baridi, kwa sababu duka lake dogo lililotazamana na gereji ndilo lililokuwa na soda baridi kuliko maduka yote ya jirani. Wengine waliuza soda vuguvugu na kuapa kwamba zimetoka kwenye friji sasa hivi. Yeye hakuwa na tabia hiyo. Chupa isipotoa jasho, alimwambia mteja asubiri au anywe maji.

Friji lenyewe halikuwa lake. Lilikuwa la kampuni ya soda, lililetwa bure, likawekwa mlangoni pale ambapo mpita njia hawezi kulikwepa kwa macho, kwa sharti kwamba ndani yake visikae vitu vingine ila vinywaji vya kampuni. Mama Baridi alilishika sharti hilo kwa kila kitu isipokuwa kimoja. Nyuma ya chupa za rafu ya chini alificha kopo la plastiki lenye mfuniko, na ndani ya kopo hilo mlikuwa na dawa ya sindano ya mume wake.

Mume wake aliendesha malori ya masafa marefu karibu maisha yake yote, na watu waliendelea kumwita Dereva ingawa mguu wa kulia ulikuwa umeshakatwa chini ya goti. Huko barabarani alikunywa soda kama wenzake wanavyokunywa maji. Usingizi ukimnyemelea, soda. Njaa ikimbana na hana muda wa kusimama, soda. Sukari ilimwingia kimyakimya, na siku alipokubali kwenda hospitali, kidonda cha kidole cha mguu kilikuwa kimeshafanya kazi yake. Sasa alikaa kwenye kiti nyuma ya kaunta, akirudisha chenji na kutaniana na mafundi wa gereji. Mke wake akimpa kisogo, alijaribu kupitisha chupa moja chini ya meza. Mara nyingi alikamatwa.

"Nilikuwa naipangusa vumbi," alisema siku moja, mdomo bado umelowa.

"Umeipangusa mpaka imeisha?" mke wake akamuuliza.

Hivyo ndivyo walivyokuwa wakiishi habari za kodi zilipoanza. Redio ilisema serikali inakusudia kutoza kodi mpya kwenye vinywaji vyenye sukari, ili watu wapunguze kunywa na magonjwa yapungue. Asubuhi hiyohiyo mafundi walivuka barabara wakiwa na mafuta mikononi, wakajaa mbele ya duka kana kwamba kodi imetungwa na Mama Baridi.

"Wameona hatuna starehe nyingine, wameifuata hii hii," alisema fundi mkuu wa gereji, mtu mnene mwenye sauti ya chini ambaye hakuwahi kumaliza siku bila soda mbili. "Wao wanakunywa vitu vya bei mbaya huko kwao, hakuna anayewagusa. Mimi chupa yangu moja ya mchana ndiyo imekuwa ugonjwa wa taifa."

"Si moja," Dereva akasema kutoka ndani.

Watu walicheka. Mshonaji wa duka la pili, mama mwenye watoto watatu, alisema yeye kodi anaiunga mkono, meno ya mtoto wake wa mwisho yameoza yote ya mbele na daktari alimgombeza yeye, hakumgombeza mwenye kiwanda. Fundi mkuu akamjibu kwamba mtoto hanywi kodi, anakunywa anachopewa na mama yake. Mshonaji akanuna. Kwa wiki nzima iliyofuata alikuwa akinunua sabuni kwa Mama Baridi bila kumtazama fundi yeyote usoni.

Mama Baridi mwenyewe hakuwa na upande. Au tuseme alikuwa na pande zote mbili, na zilikuwa zinamvuta kila moja kwake. Mdogo wake, muuguzi wa kliniki ya sukari katika hospitali ya serikali, alimweleza mara nyingi jinsi wagonjwa wanavyoongezeka, na wengine ni vijana ambao hata ndevu hazijakomaa. Alimwamini. Ushahidi alikuwa nao nyumbani, umekaa kwenye kiti. Lakini soda ndiyo iliyomleta mteja dukani. Mtu alikuja kwa soda, akachukua na mkate, mayai, kiberiti. Soda ikiondoka, na vingine vingelala kwenye rafu.

"Kwa hiyo wewe unasemaje?" mdogo wake alimuuliza siku moja.

"Nasema nimechoka kuulizwa."

Ndipo bwana wa mauzo wa kampuni alipofika na wageni wawili, mwanamke mwenye tabasamu lisiloisha na mpiga picha. Bwana wa mauzo alikuwa akimjua Mama Baridi kwa miaka mingi. Ndiye aliyekuwa akileta kreti na kukagua friji. Alimwambia kampuni inatengeneza kalenda ya wateja wake bora, na yeye amechaguliwa. Mama Baridi alifurahi. Alikwenda nyuma akabadilisha kitambaa cha kichwani na kujipaka mafuta usoni. Wakamsimamisha mbele ya friji, mikono kifuani. Jua la saa nane lilikuwa linampiga machoni, akakunja uso.

"Hivyo hivyo, mama," mpiga picha akasema. "Usicheke."

Yule mwanamke aliuliza maswali mawili matatu kana kwamba ni mazungumzo tu. Amesikia habari za kodi? Ana watoto? Bei ikipanda itakuwaje? Mama Baridi alijibu kwamba bei ikipanda wateja watapungua, hilo halihitaji kwenda shule. Watoto anao wawili. Wageni wakashukuru, wakanywa soda zao, wakaondoka.

Kalenda haikuja. Lilikuja bango.

Liliinuliwa kwenye mzunguko wa barabara kuu, mahali ambapo magari yote ya kuingia mjini hupunguza mwendo. Mwanawe wa kwanza, fundi ujenzi, ndiye aliyelipita kwanza, akampigia simu.

"Mama, hujambo? Mimi nimekula, usiwe na wasiwasi."

"Umekula nini? Unaongea nini wewe?"

"Nenda mzunguko ukajione."

Alifunga duka akaenda kwa miguu. Alipofika alisimama ng'ambo ya barabara, na kwa muda hakutambua kwamba yule mwanamke mkubwa kama nyumba alikuwa yeye. Uso umekunjwa, macho makali, mikono kifuani kama mtu aliyeziba mlango wadai wasiingie. Pembeni yake, kwa maandishi mekundu: WATOTO WANGU WATAKULA NINI? KATAA KODI YA SODA. Na chini, kwa herufi ndogo, jina la chama fulani cha wafanyabiashara wadogo ambacho hakuwahi kukisikia.

Mwanawe wa kwanza alikuwa na mke na nyumba. Wa pili alikuwa mhasibu na alikuwa akimtumia yeye hela. Mama Baridi alisoma maneno yale mara ya pili, midomo ikicheza, kisha akarudi nyumbani.

Dereva ndiye pekee aliyefurahi. "Nimeoa mtu wa bango," alimwambia kila aliyeingia dukani. "Sasa mkitaka kumwona mke wangu mnapita mzunguko, bure kabisa." Alipoona mke wake hacheki, alijifanya anapanga viberiti.

Kuanzia siku hiyo duka halikuwa tena mahali pa kununua vitu. Wengine walikuja kumpongeza. Walimshika mkono kwa mikono yote miwili, wakamwambia amewasemea wanyonge, amewatoa kimasomaso, asirudi nyuma. Kila alipojaribu kueleza kwamba yeye hakusema lolote, walitikisa kichwa wakidhani ni unyenyekevu. Fundi mkuu alimletea kiti cha kukalia nje, kizuri, chenye mto, akasema ni zawadi ya gereji kwa mtetezi wao.

"Mimi si mtetezi wa mtu," alisema Mama Baridi.

"Ndivyo watetezi wote wanavyosema," fundi akajibu, akafungua soda.

Wengine walikuja na mengine. Asubuhi moja aliingia mwanamke asiyemfahamu, amevaa nguo nyeusi, mkoba kifuani. Hakununua kitu. Alimtazama Mama Baridi kwa muda mrefu.

"Wewe ndiye wa pale mzunguko."

"Ni picha yangu, lakini—"

"Mwanangu alikuwa na miaka kumi na tisa. Alianguka chuoni. Hatukujua hata kama ana sukari." Sauti yake haikupanda. "Ulipouliza watoto wako watakula nini, nilitaka kuja nikuone tu. Nimekuona."

Akatoka. Mama Baridi alibaki ameshika kitambaa cha kufutia kaunta. Dereva, kwa mara ya kwanza tangu bango liwekwe, hakuwa na utani.

Lakini lililomuuma zaidi ni mdogo wake. Hakupiga simu, hakuja. Siku ya kliniki Mama Baridi alipompeleka Dereva, walihudumiwa na muuguzi mwingine, na mdogo wake alipita kwenye ujia akiwa na mafaili, akamwamkia shemeji yake kwa heshima zote, akampita dada yake kama nguzo. Baadaye muuguzi yule mwingine alimwambia kwa siri kwamba wagonjwa wanamtania mdogo wake kila siku. Yeye anawafundisha waache soda, wao wanamuuliza: si dada yako yule pale mzunguko?

Basi Mama Baridi akaanza kutafuta wa kulishusha bango.

Alianza na bwana wa mauzo. Alimsubiri siku ya kreti, akamzuia mlangoni.

"Mlisema kalenda."

Bwana wa mauzo alijikuna shingo. "Na mimi niliambiwa kalenda, mama. Mambo ya picha yako ofisi kuu. Mimi ni wa kreti."

Alikwenda ofisi kuu. Mapokezi palikuwa na sakafu inayong'aa na friji la kioo limejaa chupa, na juu ya meza bakuli la peremende. Msichana wa mapokezi alimtambua papo hapo, akainuka, akamwita mwenzake aje amwone, wakaomba kupiga naye picha. Mama Baridi alikataa picha. Walimkalisha kwenye kochi laini, wakampa soda baridi, akangoja. Alingoja mpaka wafanyakazi walipotoka kula na wakarudi. Hatimaye yule mwanamke wa tabasamu alishuka ngazi, akamkumbatia kama ndugu waliopotezana.

"Bango limepokelewa vizuri sana, mama. Hujui ulivyotusaidia."

"Nataka lishushwe. Sikusema maneno yale."

"Uliniambia una watoto, na bei ikipanda utapoteza wateja. Sisi tumefupisha tu."

"Watoto wangu ni watu wazima. Wanajilisha."

Tabasamu halikutikisika. "Nakuelewa kabisa. Tatizo ni kwamba bango siyo letu. Ni la chama cha wafanyabiashara. Sisi tuliwapa picha tu. Ongea nao, nina hakika watakusikiliza."

Ofisi ya chama ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vipuri, meza moja, na nyuma ya meza mwenyekiti ambaye Mama Baridi alihisi kwamba hajawahi kuuza hata pipi maishani mwake. Alimsikiliza akiwa amefumba macho, akitikisa kichwa kwa huruma. Kisha akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa: yeye ni mama shujaa, historia itamkumbuka, mtu anapokuwa sauti ya wengi sauti yake haiwi tena mali yake peke yake. Na kuhusu kulishusha, nafasi ile ya bango imelipiwa na kampuni, kwa hiyo jambo hilo ni la kampuni.

"Kampuni wamesema ni la kwenu."

"Walisema hivyo?" mwenyekiti akashangaa kwa adabu. "Basi kuna mahali hatukuelewana. Tupe muda."

Mama Baridi alishuka ngazi akiwa ameshikilia ukuta. Hakuwa ametukanwa na mtu. Kila mahali alikuwa amekaribishwa kiti. Lingekuwa jambo rahisi zaidi kama wangemfukuza, angalau angejua amegombana na nani.

Njiani alipita chini ya bango. Mwanaume mmoja aliyekuwa akisubiri kuvuka aliangalia juu, akamwangalia yeye, akaangalia juu tena. "Kaza hivyo hivyo, mama," akamwambia. Mama Baridi alikuwa ameshakaza mpaka taya linauma.

Tangazo lilipotoka kwamba kamati ya bunge itakuja kusikiliza maoni ya wananchi katika ukumbi wa halmashauri, aliamua kwenda. Kama picha yake imesema uongo mbele ya watu wote, basi atasema ukweli mbele ya watu wote. Dereva alimwambia avae gauni la bluu, linampa sura ya mtu wa kusikilizwa. Alivaa.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Mbele walikaa wajumbe wa kamati na chupa za maji. Upande mmoja walikaa watu wa viwanda wamevaa fulana za aina moja. Upande mwingine madaktari na watu wa mashirika ya afya, na fulana zao nao. Katikati walibanana wale wasio na fulana. Kila aliyeshika kipaza sauti alishangiliwa na upande wake na kuzomewa na mwingine. Daktari mmoja alitaja idadi ya wagonjwa, akazomewa. Mtu wa kiwanda alitaja idadi ya ajira, akazomewa. Mzee mmoja aliinuka, akaeleza habari za barabara ya kwake isiyopitika, akakaa, akapigiwa makofi na pande zote.

Zamu ya Mama Baridi ilipofika, minong'ono ilipita ukumbini. Mwenyekiti wa kamati alimtazama kupitia juu ya miwani yake, akatabasamu.

"Huyu mama tunamfahamu. Mama, maoni yako tunayo. Tumeyasoma njiani tukija."

Ukumbi ukaangua kicheko. Wenye fulana za viwanda wakapiga makofi.

"Yale siyo maoni yangu," akasema.

Hawakusikia, makofi yalikuwa bado. Alirudia, safari hii mdomo umekaribia mno kipaza sauti, kikapiga mluzi mpaka watu wakaziba masikio. Kulipotulia, alianza upya.

"Nauza soda. Bei ikipanda nitapoteza wateja, na riziki yangu itapungua. Hilo ni kweli, silifichi." Makofi. Aliinua mkono wayaache. "Na mume wangu amekatwa mguu kwa ajili ya sukari. Hilo nalo ni kweli. Yupo nyumbani, ananisubiri nikamchome sindano. Dawa yake hospitalini leo ipo, kesho haipo. Mimi kodi yenu siikatai. Nauliza hela itakwenda wapi. Kama itanunua dawa, nitauza soda chache na nitanyamaza. Kama itapotea, mtakuwa mmenipokonya mimi na hamjampa yeye. Na watoto wangu wasiingizwe humu, watoto wangu wanakula—"

"Muda wako umekwisha, mama," mwenyekiti akasema kwa upole. "Tunakushukuru. Anayefuata."

Kipaza sauti kilichukuliwa mkononi mwake. Upande wa madaktari walipiga makofi kidogo, kwa mashaka, hawakuwa na hakika kama huyu ni wa upande wao. Upande wa fulana walinong'onezana. Mama Baridi alitafuta mlango akiwa na hisia kwamba amevuta pumzi ndefu halafu akazuiwa kuitoa.

Lakini alikuwa amesema. Alirudi nyumbani akiwa na wepesi fulani, akamchoma Dereva sindano, wakakaa kusikiliza taarifa ya habari ya jioni. Msomaji alisema wananchi wamejitokeza kwa wingi kupinga kodi ya soda, miongoni mwao mfanyabiashara anayejulikana kwa picha yake ya kwenye bango. Kisha ikasikika sauti yake mwenyewe, safi kabisa:

"Nauza soda. Bei ikipanda nitapoteza wateja, na riziki yangu itapungua. Hilo ni kweli, silifichi."

Makofi. Wakahamia kwenye michezo.

Mama Baridi alizima redio. Aliiangalia kwa muda kana kwamba ni mgeni aliyemkaribisha ndani akamwibia.

"Sauti yako lakini ni nzuri redioni," Dereva akasema taratibu. Halafu akaongeza, "Nisamehe, mke wangu. Sijui la kusema."

Redio ilikata maneno, lakini watu wa kampuni walikuwa ukumbini na waliyasikia yote. Bwana wa mauzo alikuja wiki iliyofuata na lori na wabebaji wawili. Safari hii hakukuwa na kreti mpya.

"Si mimi, mama," alisema kabla hajaamkiwa. "Ni utaratibu. Mafriji yanahamishwa kwenye maduka yenye mauzo makubwa zaidi."

"Nani ana mauzo makubwa kuliko mimi mtaa huu?"

Bwana wa mauzo alianza mwenyewe kutoa chupa, rafu baada ya rafu, akizipanga sakafuni kwa uangalifu. Alipofika rafu ya chini mkono wake uligusa kopo. Akalitoa, akalifungua, akaona vichupa vya dawa. Sharti la friji alilijua yeye kuliko mtu yeyote. Akalifunga tena mfuniko, akampa Mama Baridi kwa mikono miwili.

"Hata mama yangu anatumia hii," akasema, akiangalia pembeni. "Itafutie mahali pa baridi haraka."

Friji likabebwa. Mlangoni ikabaki alama ya mraba sakafuni, nyeupe, safi kuliko duka lote.

Mama Baridi alisimama na kopo mkononi. Mshonaji hakuwa na friji. Gereji walikuwa na ndoo ya barafu inayoyeyuka kabla ya mchana. Joto lilikuwa linapanda na dawa ile ilipatikana kwa shida, hakuweza kuiacha iharibike kwa ajili ya kununiana. Akapiga simu. Iliita mpaka karibu kukatika.

"Kampuni wamechukua friji lao," Mama Baridi alisema mara tu mdogo wake alipopokea. "Sina pa kuweka dawa ya shemeji yako."

"Ilete," mdogo wake akasema. "Kuna maziwa juu, sogeza uweke. Ufunguo uko kwa jirani."

"Wewe hupo?"

"Nakuja. Nisubiri hapo hapo."

Alikuja akiwa bado na sare ya kazi. Waliiweka dawa kwenye friji, kati ya maziwa na bakuli la nyanya, halafu wakabaki wamesimama jikoni, kila mmoja akiangalia mlango wa friji.

"Nilikwenda ukumbini nikasema," Mama Baridi akaanza. "Redio wamekata."

"Najua. Nilikuwepo."

"Wapi?"

"Nyuma, karibu na dirisha. Nilikusikia mwanzo mpaka mwisho."

Mama Baridi aligeuka. "Ulikuwepo, ukaniona natoka peke yangu kama mtu aliyefiwa, na hukuniita?"

"Nilikuwa bado nimenuna," mdogo wake akasema. "Nilikuwa nimenuna siku nyingi, dada. Haiishi dakika moja." Akajipangusa macho kwa upande wa mkono. "Na ulipouliza kuhusu dawa, wenzangu wa hospitali waliinamisha vichwa. Sisi wenyewe hatukuwahi kuuliza pale mbele. Baadaye nilikwenda idarani kwetu kuomba tuandike jambo hilo, wakaniambia wakati wake siyo huu."

"Wakati wake ni upi?"

"Ndivyo nilivyowauliza."

Wakakaa. Mdogo wake akachemsha chai, akaileta bila sukari, nao wakainywa hivyo hivyo, ingawa hakuna aliyeipenda.

Muswada wa kodi haukupita. Haukukataliwa pia. Ilisemwa kwamba umeahirishwa ili kupisha mashauriano zaidi, na wenye fulana za pande zote mbili walitangaza kwamba wameshinda. Bango lilishushwa bila mtu kumwambia. Siku moja alipita mzunguko akakuta mahali pake wamebandika tangazo la magodoro. Alidhani angefurahi. Alisikia tu kama mtu aliyelipwa deni kwa hela iliyokwisha kufutwa na benki kuu.

Dukani biashara ilikuwa imeyumba. Mafundi waliendelea kuja kwa siku chache, kwa heshima, wakanywa soda za vuguvugu huku wakikunja nyuso. Halafu mmoja mmoja wakahamia duka la mbele zaidi, ambako friji jipya lilikuwa limefika. Kile kiti chenye mto kilirudishwa gereji, kuna mteja mzee alihitaji pa kukaa. Mama Baridi aliongeza mchele, sabuni na mafuta ya kupikia, akapunguza soda mpaka kreti moja. Kila asubuhi na jioni alikwenda kwa mdogo wake kuchukua dawa, na siku nyingine Dereva alikwenda naye kwa magongo yake, akilalamika njia nzima kwamba zamani dawa ilikuwa hatua tatu kutoka kitandani.

Kisha, kabla hata magodoro hayajabanduliwa, kampuni ilipandisha bei ya soda. Haikuwa kodi. Ilikuwa ni gharama za uzalishaji, tangazo lilisema, na kampuni inawashukuru wateja wake kwa uvumilivu. Bei mpya ilikaribiana sana na ile ambayo kodi ingeileta.

Fundi mkuu alipita dukani jioni hiyo kununua sabuni ya kunawia. Akaona kreti, akatoa chupa moja, akaweka hela ya zamani juu ya kaunta. Mama Baridi akamwambia bei. Akaongeza hela bila kusema neno, akafungua.

"Mbona hupigi kelele?" Mama Baridi akamuuliza.

"Kelele za nini?"

"Hiyo ndiyo bei mliyosema itawaua. Mlikuja hapa mkajaa mlangoni. Mliniletea kiti."

Fundi alimeza, akafikiri. Hakuwa mtu mbaya. "Ile ilikuwa serikali, Mama Baridi. Serikali unaweza kuipigia kelele. Hawa nikawapigie wapi?"

"Mimi nilikwenda kwao. Nakupa njia kama unataka. Wana kochi laini."

Alicheka kidogo, akadhani ni utani. Akamaliza soda, akapangusa mdomo, akasema hata hivyo vuguvugu haina ladha, kisha akavuka barabara kurudi gereji.

Mama Baridi aliokota chupa tupu, akairudisha kwenye kreti kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nyuma ya kaunta Dereva alikuwa ameshavaa koti na ameshika magongo yake, anamngoja.

"Twende," akasema. "Mdogo wako atafunga mlango."

"Atangoja," Mama Baridi akajibu, akaanza kutafuta kufuli.